Mke wangu amekataa mtoto aitwe Alfred, anasema ni jina la majini

Shikamoo Mwalimu Edith,

Mimi ni msomaji wako, naishi Kimara, Dar es Salaam, ila kwetu ni Muheza. Nina miaka 33. Wiki sita zilizopita Mungu alitujalia mtoto wa kiume, wa kwanza, kilo tatu na nusu, mzima kabisa. Shida ni kwamba mpaka leo hana jina. Majirani wanamwita Bebi. Mama yangu, aliyekuja kutoka Muheza kumtunza mzazi, anamwita "mume wangu". Mimi namwita Mzee. Mke wangu anamwita "mwanangu" na anaishia hapo. Kwenye kadi ya kliniki, penye nafasi ya jina, nesi ameandika "Mtoto wa" halafu jina la mama yake.

Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza wa kiume anabeba jina la babu mzaa baba. Baba yangu aliitwa Alfred, japo mtaa mzima walimwita Alufredi. Alikuwa mkulima wa machungwa na mwanakwaya wa sauti ya nne, alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikuwa na tabia ya kuchoma msumari motoni na kuandika jina lake kwenye kila kitu chake: kigoda, mpini wa jembe, hadi ngazi ya kuchumia machungwa. Herufi R aliiandika imegeuka, inatazama kushoto, na hakuna aliyewahi kumwambia. Jembe hilo mama analilimia hadi leo.

Mke wangu alilijua jambo la jina tangu uchumba na hakuwa na neno. Mambo yaliharibika siku ya kumi na mbili baada ya kujifungua. Akina mama wa kikundi chake cha maombi walikuja kumwona mzazi, wakaleta khanga, sabuni na unga wa lishe. Kiongozi wao, wanamwita Mama Mlezi, alimpakata mtoto akauliza anaitwa nani. Mama yangu akajibu kwa fahari, "Alfred." Mama Mlezi akatoa simu, akaandika, akasoma, akanyamaza. Halafu akasema taratibu, "Mnajua maana yake? Ni shauri la majini." Akamrudishia mke wangu mtoto kama mtu anayerudisha sahani ya moto.

Usiku ule mke wangu hakulala. Asubuhi akaniambia hawezi kumwita mwanawe majini mara ishirini kwa siku. Mimi nilicheka, nikasema mbele ya mama, "Kwa hiyo na baba yangu alikuwa jini?" Mama akainuka akaenda kukaa kibarazani. Tangu siku hiyo mke wangu anakula chumbani, mama anaongea na mtoto tu, na juzi ameanza kukunja nguo zake akisema michungwa haina mwangalizi.

Kila mtu ana lake. Kaka yangu anasema jina lenyewe la wazungu, tuliache tumpe mtoto jina la kwetu. Mjomba anasema Alfu ni elfu, kwa hiyo mtoto atakuwa tajiri. Padri wetu wa Kianglikana anasema tumlete tu, nafasi ya ubatizo ipo Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, ila jina tuje nalo. Niseme pia kwamba mwaka juzi mke wangu mimba ilimtoka ikiwa na miezi mitano, lakini hilo halihusiani.

Naomba uniambie: ni kweli jina hili lina majini? Na kama si kweli, nina haki ya kusimama kama baba nikaliandikisha? Na mama nifanyeje naye?

Baba wa Mtoto Asiye na Jina, Kimara

*

Marahaba mwanangu. Mpe mzazi pole yake na hongera yake, kisha upokee na wewe yako.

Najua ulitaka nimseme Mama Mlezi. Simsemi. Alichokisoma kwenye simu kipo kweli, nami ningekuwa mwongo kukwambia hakipo. Alipopotea ni kwenye kukigeuza Kiswahili.

Alfred ni jina la Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa zaidi ya miaka elfu iliyopita, ambacho Mwingereza wa leo ukimpa akisome anatoa macho tu kama mimi na wewe. Enzi hizo liliandikwa Ælfræd. Ni vipande viwili vilivyoungwa. Cha mwisho, ræd, ni shauri, ile busara ya kujua la kufanya mambo yanapokaza. Kitenzi cha ukoo huo kilianza na maana ya kushauri na kufumbua jambo, na ndicho kilichokuja kuwa neno la Waingereza la kusoma. Kwa hiyo nusu ya jina la baba yako ndiyo kazi iliyonilisha: nimefundisha watoto kusoma miaka 34, na sasa nimestaafu nashauri wakubwa. (Mjomba wako mwambie alfu yake ya kuhesabia imetoka kwa Waarabu, haina undugu na hii. Ila nimecheka.)

Kipande cha kwanza, ælf, ndicho kilichomtoa Mama Mlezi jasho. Kiswahili hakina neno lake. Ukitafuta picha leo utaletewa vijitu vya masikio marefu na kofia zilizochongoka vikifunga zawadi za Krismasi. Hao ni wa juzi juzi. Wa zamani walikuwa viumbe wasioonekana, wa porini na milimani, waliosifika kwa uzuri. Ukinishika koo nitafsiri nitahangaika kati ya kibwengo, kinyamkera na jini, na kila nikichagua kimoja nitakuwa nimeongeza ubaya ambao neno la mwanzo halikulazimika kuwa nao. Na hata hilo jini, majirani zetu Waislamu watakuambia wapo majini wema na wapo wabaya. Sisi kwenye vikundi vya maombi tumelibakizia upande mmoja.

Sasa sikiliza hili, na hili ndilo ningependa mkeo alisikie. Wakristo wa Uingereza ya wakati ule walitunga mashairi ya habari za Biblia kwa lugha yao. Walipofika kwa Sara, mke wa Ibrahimu, yule ambaye Farao alimtwaa kwa uzuri wake, walimsifu kwa neno moja: ælfsciene, yaani mwenye mng'aro wa ælf. Neno hilo hilo walimpa Yudithi, mjane mcha Mungu aliyemkata kichwa Holoferne, jemadari wa maadui. Sisi tungesema mzuri kama malaika, au watu wa mwambao wangesema hurulaini. Mtunzi Mkristo, anasimulia Maandiko, anamsifu mama wa Isaka kwa neno hilo, wala kalamu haimtetemeki.

Sikufichi upande wa pili. Watu hao hao mtu akichomwa ghafla na kichomi, au ng'ombe akianguka bila sababu, walisema amepigwa mshale na hao ælf. Vitabu vyao vya tiba vina dawa na maneno ya kusomea dhidi ya mishale hiyo, mambo ambayo babu zetu wangeyatambua mara moja. Kwa hiyo walikuwa viumbe wa kusifiwa na wa kuogopwa, kama mto.

Lakini mzazi wa siku zile alipomwita mwanawe Ælfræd hakuwa anatunga sentensi. Majina yao yalitengenezwa kwa vipande vilivyokuwepo, na wazazi walichukua kimoja hapa kimoja pale ili mtoto afanane kwa jina na ndugu zake. Kuna askofu wa Worcester aliyefariki 1095, mtakatifu, anaitwa Wulfstan. Wulf ni mbwa mwitu, stan ni jiwe. Mbwa mwitu wa jiwe ni mnyama gani huyo? Hayupo. Mama yake aliitwa Wulfgifu na baba yake Æthelstan, wakamega nusu ya mama na nusu ya baba, mtoto akapata jina.

Na mimi mwenyewe unayeniamkia. Edith ni ead, neema ya mali, na gyth, vita. Mali sijaiona, na vita nilivyopigana ni vya panya wa stoo.

Zaidi ya hapo, jina zuri nalo halikumlinda mtu. Yupo mfalme aliyetawala Uingereza kuanzia 978, Æthelred, maana yake shauri adhimu. Utawala wake ulijaa maamuzi ya hovyo na pesa za kuwahonga maadui waondoke, wakawa wanaondoka na kurudi kudai zaidi. Watu wakamwongezea jina la utani, Unræd, yaani asiye na shauri. Shauri Adhimu Asiye na Shauri. Hivyo ndivyo anavyokumbukwa hadi leo.

Aliyelifanya jina la Alfred litufikie ni mfalme mwingine, na kwa huyu nitakaa kidogo. Alizaliwa Wantage katikati ya karne ya 9, mtoto wa mwisho wa kiume wa mfalme wa Wessex, kusini mwa Uingereza. Kaka zake wakubwa wote majina yao yalianza na Æthel, yeye peke yake ndiye aliyepewa Ælf. Alipokuwa mdogo mama yake aliwaonyesha watoto kitabu cha mashairi chenye herufi ya kwanza iliyopambwa vizuri, akasema atakayewahi kukijua atapewa. Alfred akakichukua, akakimbilia kwa mwalimu, akarudi akakisema chote. Samahani, mimi mwalimu, kisa hiki siwezi kukiruka.

Alitawazwa 871 nchi ikiwa inaliwa na Wadenmaki waliokuja na majahazi, wapagani, wachoma makanisa. Mapema 878 walimshtukiza, akakimbilia kwenye vinamasi vya Athelney na watu wachache. Huko ndiko hadithi inaposema alijihifadhi kwenye kibanda cha mchunga nguruwe, mama mwenye nyumba akamwambia aangalie mikate isiungue, yeye akazama mawazoni, mikate ikawa mkaa, akatukanwa bila huyo mama kujua anamtukana mfalme. Hadithi hiyo iliandikwa baadaye sana, ichukue kama hadithi. Lisilo hadithi ni kwamba mwezi Mei mwaka huo huo aliwakusanya watu wake, akawapiga Wadenmaki huko Edington.

Kisha akafanya nini na mkuu wao, Guthrum? Hakumkata kichwa. Guthrum na watu kama thelathini wakaja kubatizwa, na aliyesimama kuwa baba yake wa ubatizo ni Alfred mwenyewe. Akamwinua kutoka kwenye maji ya ubatizo, akampa jina jipya, Æthelstan, wakakaa pamoja siku kumi na mbili. Ona basi: mpagani anabadilishwa jina, na Mkristo anayemshika mkono ndiye mwenye "majini" kwenye jina. Hakuna padri pale aliyesema, subiri, tuanze na lako.

Kuna jingine la kukata mzizi. Alfred aliugua karibu maisha yake yote. Ugonjwa ulimwangukia kwenye sherehe ya harusi yake mwaka 868, mbele ya wageni, maumivu makali yasiyojulikana. Askofu Asser, aliyeishi naye na kuandika habari zake 893, anaeleza watu walivyoanza kuhisi. Wengine walisema ni uchawi wa watu waliomzunguka. Wengine walisema ni wivu wa shetani. Wengine homa ngeni, na wengine wakasema ni bawasiri. Unaisikia hiyo? Kama vikao vyetu vya msibani vile vile. Watu waliokuwa wanaogopa mishale ya ælf, wanaoijua lugha kwa sababu ni yao, wanatafuta sababu ya mateso ya mfalme kila kona mpaka wanafika kwenye bawasiri, na katika dhana zote alizoziorodhesha askofu yule hakuna inayosema ni jina lake. Walilisikia kama sisi tunavyomsikia Mashaka au Tabu. Nimefundisha Mashaka wanne, na mmoja ni rubani.

Mfalme huyo ndiye aliyeona wanaojua kusoma wamekwisha nchini, akaanza kujifunza Kilatini akiwa mtu mzima ili atafsiri vitabu vya dini na hekima kwa lugha ya watu wake, pamoja na Zaburi 50 za kwanza. Alifariki 26 Oktoba 899. Kanisa la Uingereza humkumbuka tarehe hiyo hiyo kwenye kalenda yake, na kwa kuwa ninyi ni Waanglikana padri wenu anaweza kumwambia Mama Mlezi hilo kwa mdomo wake, atasikilizwa kuliko mimi. Na kama mfalme hatoshi, mwambieni kuna Ælfheah, Askofu Mkuu wa Canterbury, naye ana kipande kile kile mbele ya jina. Wadenmaki walimteka, akakataa watu wake maskini wachangishwe pesa za kumkomboa, wakamuua kwa kumpiga mifupa ya ng'ombe tarehe 19 Aprili 1012. Ni mtakatifu.

Tukirudi kwenye Biblia yetu wenyewe, Danieli na wenzake watatu walipewa majina Babeli, na mfalme Nebukadreza anasema waziwazi kwamba Belteshaza ni jina la kufuata mungu wake. Je, simba walimla Danieli? Abednego ni jina la mtumishi wa mungu wa Kibabeli, na alipotupwa tanuruni halikumzuia Mungu kumtoa. Leo tunawabatiza watoto Abednego na Meshaki na tunapiga vigelegele. Apolo, yule mhubiri hodari wa Matendo ya Mitume, anabeba jina lenye mungu wa Wayunani ndani yake. Paulo alifanya naye kazi, hakumwambia akalibadilishe.

Kwa hiyo swali la kwanza jibu lake unalo. Kaka yako naye ana hoja, jina ni la kuja. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 majina mengi ya zamani yalipotea, watoto wakawa akina William na Robert, na Alfred likabaki la wachache. Likafufuka karne ya 18 na ya 19, hadi Malkia Victoria akamwita hivyo mwanawe wa pili, aliyezaliwa 1844. Wamisionari waliofika pande zenu za Magila walitoka katika Uingereza ambamo kila mtaa ulikuwa na Alfred wake. Lakini baba yako ameshalichomea msumari, R ikiwa imegeuka. Kama hilo halijalifanya jina kuwa la Muheza, sijui mnataka lifanyweje.

Sasa mwanangu tuache wafalme.

Umeniandikia barua ndefu, na karibu na mwisho ukaweka mstari mmoja: mimba ya miezi mitano ilitoka, "lakini hilo halihusiani". Nimeusoma mstari huo mara tatu, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi nikausoma tena.

Miezi mitano mtoto anacheza tumboni. Mama yake alikuwa ameshamzoea. Nikuulize, na sitaki unijibu mimi: ile mimba mlikuwa mnaiitaje? Kwenu mtoto wa kwanza wa kiume ni Alfred, hakuna mjadala. Inawezekana kabisa kwamba mkeo alishawahi kumwita Alfred mtoto ambaye hakumpakata. Kama ni hivyo, basi Mama Mlezi hakumletea hofu, aliikuta imelala akaiamsha. Na wewe ulipocheka ulimcheka mwanamke anayehesabu pumzi za mtoto usiku. Huyo hagombani na marehemu mkwewe. Analinda mlango.

Na hata kama sivyo, hata kama mimba ile haikuwa na jina, bado. Aliyewahi kupoteza hutafuta sababu, na sababu yenye jina ni rahisi kushika kuliko "bahati mbaya" ya daktari.

Kwa hiyo usimsomee majibu yangu kama hukumu ya mahakama, ukinyoosha kidole kwenye kila aya. Leo usiku mtoto akishalala mwombe radhi ya kile kicheko, bila kuongeza "lakini". Kisha muulize habari za mimba ile, halafu unyamaze. Nadhani hamjawahi kuizungumza; wanaume wengi mnafikiri kunyamaza ndiyo kumpumzisha. Habari za Sara na Guthrum zinaweza kusubiri hata wiki. Akizitaka, umpe.

Swali lako la haki ya baba nitalijibu kwa ufupi: usiandikishe jina kwa siri. Ukienda peke yako ukarudi na cheti chenye jina alilolikataa, utakuwa umepata Alfred na umepoteza mengine. Mnazo siku 90 tangu kuzaliwa za kusajili kabla hamjahesabiwa kuwa mmechelewa, na mmetumia 42 hivi. Muda upo. Ubatizo nao unaweza kusogea mwezi, mtoto hatakimbia.

Mama yako ni mwepesi kuliko unavyofikiri. Hajakasirikia jina kukataliwa, watu wazima tumeshakataliwa mengi. Umemtaja mumewe na jini katika sentensi moja, mbele ya mkwe, ili ushinde ubishi. Kaa naye hapo hapo kibarazani alipokimbilia. Akishakusamehe, mwombe kazi moja: amsimulie mkeo huyo Alufredi alikuwa mtu gani. Aanze na kwaya, aende kwenye machungwa, amweleze jinsi alivyokuwa anachoma msumari. Mkeo anapigana na neno la kwenye simu, na habari za mtu mwenyewe huenda hajaambiwa vya kutosha. Mama Mlezi msimfanye adui. Alikuja na unga wa lishe, hakuja na ubaya.

Halafu kuna jambo moja ambalo ninyi nyote mmelipita kwenye ugomvi huu, mpaka nimeshangaa. Watu wetu huandika majina matatu: la mtoto, la baba, la babu. Wewe mwenyewe, toka darasa la kwanza, jina lako la pili ni lipi? Si Alfred? Mkeo ameolewa na mtu mwenye Alfred kwenye kitambulisho, na siku ya ndoa kanisani padri alilisoma kwa sauti, naye akajibu "ndiyo". Mtoto huyu mkimwita Yohana, mkimwita Baraka, mkimwita jina lolote la Kibondei atakalopenda kaka yako, jina la babu litakuwa la tatu kwenye cheti chake bila mtu kuomba ruhusa. Mwambie mama hilo. Mwambie na mkeo, lakini kwa upole, lisisikike kama mtego.

Na kama mkeo atataka kukutana nawe katikati, lipo jina Shauri. Ni la Kiswahili, wanaume wengi wanalo, na ni ile nusu ya jina la babu ambayo hakuna anayeiogopa. Waliomtengenezea Wulfstan jina wangeelewa mara moja mnachofanya.

Mama akirudi Muheza msimpakie kwenye basi peke yake. Nendeni wote watatu na huyo Mzee wako wa wiki sita, mkae siku mbili. Mkeo ashike ule mpini aione hiyo R. Kisha mniandikie mmeamua nini, hata kama ni Yohana.

Mwalimu Edith